Joto Kabla ya Maziwa

Panya wa Lubarika hawana msimu wa njaa. Mpunga ukivunwa wako ghalani, ukiisha wanahamia kwenye mihogo iliyoanikwa, kisha kwenye mahindi ya mbegu, na pasipo na mbegu hutafuna hata vitenge vilivyofungiwa sandukuni. Kijiji kiko magharibi mwa barabara kuu ya Bukavu na Uvira, pale Plaine ya Ruzizi inapokutana na miguu ya milima inayopanda kwenda Lemera. Zamani za Wabelgiji, INEAC, shirika la utafiti wa kilimo, lilikuwa na kituo cha majaribio hapahapa, na hadi leo watu wa hapa wanaishi kwa jembe. Mtu wa jembe hafugi paka kwa urembo. Paka ni mlinzi wa ghala, na mshahara wake ni vichwa vya ndagala.

Mlinzi huyu huuawa mara nyingi na sumu ambayo haikuwekwa kwa ajili yake. Sumu ya panya inauzwa sokoni kwa vifuko vidogo, na aina nyingi hufanya kazi kwa kuzuia damu isigande. Panya aliyeila haanguki papo hapo. Anazubaa kwa siku kadhaa, anayumbayumba mchana kweupe, na paka gani atamwacha panya anayeyumba? Akila wa kwanza na wa pili na wa tatu, sumu inajikusanya mwilini mwake, naye anaanza kuvuja damu kwa ndani. Kama alikuwa amezaa, watoto wanabaki nyuma ya magunia, macho yamefumba, masikio yamelala, kila mmoja ana uzito wa gramu mia hivi. Sura hii ni habari ya hao, na ya kisanduku cha joto ambacho watu wa Uvira na Bukavu hukiita kuveze.

Uyatima wenyewe uhakikishwe kwanza. Paka mwenye maziwa huwaacha watoto kwa saa nzima au zaidi akatafute chakula, na akihisi maficho yake yamechezewa huwahamisha mmoja mmoja kwa mdomo. Unaweza kukuta wawili ukadhani wametupwa, kumbe wa tatu yuko njiani. Watoto walio kimya, wenye matumbo ya duara na mwili wa vuguvugu, wana mama. Ondoka, chungulia baadaye ukiwa mbali. Wanaolia bila kukoma, matumbo yamenywea, mdomo wa baridi ukiwatia ncha ya kidole, hao hawajaguswa na mama kwa muda mrefu. Kama kuna paka mwingine jirani anayenyonyesha, umshukuru Mungu na uache kusoma hapa: paka wengi hupokea watoto wa mwenzao bila ugomvi, hasa yatima wakisuguliwa kwa kitambaa chenye harufu ya watoto wa huyo anayenyonyesha, na hakuna kuveze duniani inayomshinda.

Asipokuwepo, ndipo mwenye huruma anapoharibu mambo. Anakimbilia maziwa.

Kitoto cha paka kilichopoa mwili hakiwezi kusaga chakula. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, utumbo unasimama. Maziwa yanayoingia yanakaa, yanachacha, tumbo linavimba. Kumeza nako kunalegea, na sehemu ya maziwa inaingia mapafuni. Kichanga anakufa na tumbo limejaa, halafu wenyeji wanasema amekufa kwa njaa, na safari nyingine wanaongeza kipimo. Kanuni ambayo madaktari wa mifugo hufundisha ni ya kinyume na silika yetu: mwili upate joto kwanza, tena polepole, kwa saa moja hadi tatu, na chakula kingoje. Usimtumbukize kwenye maji ya moto, usimlaze moja kwa moja juu ya chupa inayochoma. Mwili mdogo ukipashwa haraka, damu hukimbilia ngozi na moyo hupungukiwa.

Sababu ya udhaifu huu ni hesabu ya maumbile. Kiumbe kidogo kina ngozi nyingi kwa kulinganisha na nyama yake, na joto hutorokea kwenye ngozi. Paka mkubwa akihisi baridi hutetemeka, na kutetemeka huko ni misuli inayochoma mafuta ili kuzalisha joto. Kichanga wa wiki ya kwanza hajui kutetemeka. Mafuta yake ni haba, manyoya yake mepesi. Mwili wake wenyewe huwa na nyuzi 35 hadi 37 tu katika wiki ya kwanza, wakati mama yake ana 38 na zaidi. Anaishi kwa mkopo: anaazima joto kutoka tumbo la mama na kutoka kwa ndugu zake wanaolaliana kama magunia. Ndiyo maana yatima aliyebaki peke yake ana hali mbaya kuliko yatima wanne, ingawa mlezi anaweza kudhani mmoja ndiye kazi rahisi.

Basi joto gani? Hewa inayomzunguka iwe nyuzi 29 hadi 32 wiki ya kwanza, 27 hadi 29 wiki ya pili, na baada ya hapo ishuke taratibu kuelekea 24, kwa sababu mwili umeanza kujitegemea. Unyevu nao una kazi, maana hewa kavu humnyonya maji. Nusu au zaidi kidogo ya kiwango ambacho hewa inaweza kubeba inatosha, na sahani ya maji pembeni, isiyofikiwa na vichanga, huleta hicho.

Hapa Lubarika ina bahati ambayo Ulaya haina. Wastani wa joto la Plaine kwa mwaka ni kama nyuzi 24. Mchana, kuveze inadaiwa kuongeza nyuzi chache tu. Kazi yake halisi ni usiku, hasa kiangazi, Juni hadi Agosti, upepo unaposhuka kutoka milimani na ukuta wa udongo unapoa hadi alfajiri.

Wenye kuku watasema: tunayo kuveze tayari, ya mayai. Mbao, balbu, kipimajoto, sinia la maji. Naomba wasikilize vizuri. Yai la kuku hutaka nyuzi 37 na nusu hivi, usiku na mchana, kwa siku 21, na mashine nzuri ya mayai ni ile isiyobadilika hata nukta. Kichanga wa paka akiwekwa humo anapikwa. Yai halina miguu wala halina kiu. Kichanga hukauka maji na hana pa kukimbilia. Ndugu wa karibu wa sanduku tunalolitaka ni kile kizimba cha kulelea vifaranga walioanguliwa, ambacho huanza na nyuzi 32 hadi 35 na kushushwa kila wiki. Tazama jinsi vifaranga wanavyojipanga humo: wakisikia baridi wanarundikana chini ya taa, wakisikia joto wanasambaa pembeni. Kizimba kinawaruhusu kuchagua. Siri ya malezi ya vichanga wote wasio na mama iko hapo, na nashangaa vitabu vingi vinaipitia kwa sentensi moja. Sanduku liwe na upande wa moto na upande wa baridi. Kichanga kipofu hutambaa vizuri kuliko tunavyodhani, na pua na ngozi yake humwelekeza. Sanduku lenye joto lilelile kila pembe, hata likiwa la bei kubwa, ni gereza.

Kwamba tumeanzia kwa kuku si ajabu, maana ndiko hata watoto wa binadamu walikoanzia. Mwaka 1878 daktari wa Paris, Stéphane Tarnier, alitembelea bustani ya wanyama ya Jardin d'Acclimatation akaona mashine ya kuangulia vifaranga. Alimwomba fundi wa bustani hiyo, Odile Martin, amtengenezee kubwa ya kulaza watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na miaka michache baadaye ilikuwa inafanya kazi katika hospitali ya uzazi ya Maternité. Ilikuwa sanduku la mbao lenye kuta mbili, katikati ya kuta zimejazwa unga wa mbao, chini hifadhi ya maji ya moto, juu mtoto. Baada ya hapo msaidizi wake, Alfred Auvard, alirahisisha: akaondoa mitambo ya kuchemsha maji, akaweka chupa za maji ya moto ambazo wauguzi walizibadilisha kila baada ya saa mbili hivi. Miongoni mwa watoto wenye uzito chini ya kilo 2, vifo vilishuka kutoka 66 katika kila 100 hadi 38. Bila waya hata mmoja wa umeme.

Nimeirefusha habari hiyo kwa makusudi, kwa sababu chombo cha Auvard kinaweza kujengwa Lubarika leo jioni, na kwa malighafi bora kuliko ya Paris. Penye kinu cha mpunga pana vilima vya pumba. Pumba za mpunga zimejaa hewa ndani yake, na hewa iliyotulia ndiyo kizuizi cha joto. Chukua katoni mbili, ndogo iingie ndani ya kubwa kwa nafasi ya vidole vinne pande zote na chini. Jaza pumba, funika kingo kwa kitambaa ili vumbi lisiingie puani mwa vichanga. Juu weka kifuniko kinachoacha upenyo. Upande mmoja wa ndani, bidoni ya maji ya moto iliyozungushiwa kitenge kikuukuu mara mbili tatu. Upande wa pili usiweke kitu.

Watu huidharau bidoni, kwa hiyo tupige hesabu. Lita 5 za maji zikipoa kutoka nyuzi 60 hadi 40 hutoa joto linalokaribia la balbu ya wati 40 iliyowaka kwa saa tatu. Balbu hiyohiyo ikiwaka usiku mzima wa saa 12 hula karibu wati-saa 480, na paneli ya jua ya wati 100, kwa jua zuri la saa tano, haitoi zaidi ya 500. Yaani familia ikose taa, ikose kuchaji simu, paka apate joto. Umeme wa jua ni mzuri kwa mwanga na redio. Kuugeuza kuwa joto ni kutumia pesa kuwasha moto. Halafu balbu zilizojaa sokoni siku hizi ni za LED, zinang'aa bila kuchemka, na kuna waliokesha wakiamini taa inawaka kwa hiyo sanduku lina joto. Kaskazini mwa bonde hilihili kuna mabwawa ya Ruzizi I, la mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II la 1989, ambalo Kongo, Rwanda na Burundi huligawana. Lakini mto kuzalisha umeme ni jambo moja na umeme huo kuingia nyumba ya kijijini ni jambo lingine, na hata mjini mwenye soketi hana hakika ya usiku mzima. Chombo kinachokufa umeme ukikatika saa nane za usiku ni hatari kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu mlezi amelala akikitegemea.

Bidoni nayo ina hila yake. Maji yakipoa chini ya joto la kichanga, mambo yanageuka: bidoni inaanza kumnyonya. Ibadilishwe kila baada ya saa mbili tatu, na huo ndio muda uleule wa kulisha katika wiki ya kwanza, kwa hiyo mlezi anaamka mara moja kwa kazi mbili. Maji yanayotokota yasitiwe moja kwa moja kwenye plastiki. Yaache yapoe kidogo. Anayetaka kurahisisha kwa kuweka babula yenye makala chumbani na kufunga mlango ataua vichanga na pengine watoto wake mwenyewe, maana makala hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Babula ibaki nje, kazi yake iwe kuchemsha maji.

Asiye na kipimajoto asome miili. Wakirundikana na kulia, baridi. Wakitawanyika, wakihema mdomo wazi, ngozi nyekundu, joto limezidi. Wakilala kando kwa kando wakistukastuka usingizini, ni sawa. Huko kustukastuka ni jambo la kawaida, si degedege.

Kuna kuveze nyingine, isiyohitaji katoni. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, Dkt. Edgar Rey alikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine, wakilazwa wawili wawili na kuambukizana. Akawaambia mama wawabebe kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Jambo lililoanza kwa uhaba likageuka kuwa tiba. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2021, uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba watoto wadogo waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa walikufa kwa kiasi cha robo pungufu kuliko waliosubiri kwenye mashine hadi hali itulie, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake.

Kongo yetu inayo habari yake. Mwaka 2007, katika hifadhi ya Virunga, walinzi walikuta sokwe mtoto wa kike, wa miezi miwili, ameng'ang'ania maiti ya mama yake aliyepigwa risasi. Aliletwa Goma. Mlinzi André Bauma alivua shati, akamlaza kifuani usiku kucha ili asife kwa baridi. Sokwe huyo ni Ndakasi, aliyeishi miaka 14, mingi yake katika kituo cha yatima cha Senkwekwe kule Rumangabo, na akafa Septemba 2021 mikononi mwa Bauma yuleyule. Watu wengi wanaijua picha aliyojipiga mlinzi mwingine, Ndakasi na sokwe mwenzake wamesimama nyuma kama watu. Kwangu usiku ule wa Goma una uzito kuliko picha: hapakuwa na kifaa, palikuwa na mtu mwenye nyuzi 37.

Kwa paka, kifua ni dawa ya saa ya kwanza, ya kumtoa kichanga kwenye baridi. Mfunge kwenye kitenge juu ya tumbo, chini ya nguo, uendelee kutwanga au kuchagua mchele. Hakiwezi kuwa dawa ya wiki tatu, maana mtu ana shamba. Na tahadhari ziwepo: paka mama aliyekufa bila sababu kujulikana, hasa kama alikuwa amebadilika tabia, asishikwe kwa mikono mitupu, kwani Kongo ina kichaa cha mbwa, na paka naye hukibeba. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni robo saa nzima, kisha aende kituo cha afya. Mwenye mimba aache kazi ya kinyesi cha paka kwa mwingine.

Mwili ukishapata joto, ndipo maziwa. Maziwa ya ng'ombe, hata yale mazuri yanayoshuka kutoka milimani, ni mepesi: protini na mafuta yake ni kama nusu ya maziwa ya paka, na sukari yake huharisha. Maziwa ya mbuzi hayatofautiani sana, licha ya sifa zake. Maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya vichanga wa paka ndiyo sahihi, na huku kwetu kuyapata ni ndoto. Kwa dharura watu huchanganya maziwa ya kopo yasiyotiwa sukari na kiini cha yai, bila ule ute mweupe, na wanafaulu mara kwa mara, si kila mara. Kipimo cha mlo mmoja kisizidi mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone. Kichanga alale kifudifudi kama anavyonyonya, kamwe asilazwe chali kama mtoto wa mtu. Baada ya mlo, kitambaa cha vuguvugu kilicholoweshwa kipitishwe sehemu za chini mpaka akojoe. Bila ulimi wa mama hawezi kujisaidia mwenyewe hadi wiki ya tatu hivi. Hatua hii husahaulika kuliko zote, na kibofu kilichojaa huua.

Apimwe kila siku kwa saa ileile. Ongezeko la gramu 10 hadi 15 kwa siku ni dalili njema. Siku mbili bila ongezeko ni kengele. Mizani ya sokoni haioni gramu 10. Mizani ya mnunuzi wa dhahabu inaona, na katika mkoa huu si chombo adimu, ingawa sijui mnunuzi atasema nini akipelekewa paka.

Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Kuanzia wiki ya tatu bidoni huwekwa usiku tu, na wiki ya nne wengi huanza kuikimbia wenyewe. Hapo waanze ndagala: zile kavu za Uvira zioshwe mchanga na chumvi, zichemshwe, zisagwe laini na kuchanganywa na maziwa. Asiye na ndagala atumie bukari laini yenye supu ya samaki kwa siku chache, lakini paka halelewi kwa wanga. Kama aliyehangaika usiku kwa usiku alitaka mlinzi wa ghala, asimfungie kichanga ndani na binadamu peke yao. Paka aliyelelewa kwa bomba ana silika ya kurukia kitu kinachokimbia, ila kumaliza kazi hujifunza haraka zaidi akimwona mkubwa akifanya. Wiki ya tano au ya sita apewe ruhusa ya kushinda kwa jirani mwenye paka mkubwa anayewinda, na jirani huyo aulizwe kwanza kama nyumbani kwake ameweka sumu.